Kibandiko Kinasema Hili, Simu Inasema Lile: Hotuba kwa Wauzaji na Wanunuzi wa Mafuta ya Kunukia, Bukavu

Wamama, wababa, na ninyi wadogo zetu mnaofanya biashara kwa simu, jambo.

Mmetuita hapa Ibanda tuzungumze juu ya zile chupa ndogo za mafuta ya kunukia: lavenda, mkaratusi, nanaa, limau, karafuu, na nyingine ambazo majina yake yako kwa Kifaransa tu. Zinauzwa Nyawera, zinauzwa Kadutu, lakini siku hizi zaidi zinauzwa ndani ya WhatsApp na Facebook, na pesa inapita kwenye simu kabla mnunuzi hajaishika chupa. Hatukuja kusema mafuta haya ni takataka. Baadhi yana kazi inayojulikana, na tutaitaja. Tulichokuja kusema ni kwamba kila chupa ina vinywa viwili. Kibandiko kinasema: kwa matumizi ya nje, weka mbali na watoto. Ujumbe wa sauti kwenye simu unasema: matone matatu chini ya ulimi asubuhi na jioni, malaria inaisha. Wagonjwa wanaumia katikati ya vinywa hivyo viwili.

Mwachano huo haukuja wenyewe. Kampuni kubwa za mafuta haya huuza kwa mnyororo: wewe unanunua, unaandikisha wenzako, unapata asilimia kwa wanachonunua, nao wanaandikisha wengine. Kampuni inajua kwamba ikiandika neno “inatibu” kwenye chupa, mamlaka za dawa zitaiuliza ushahidi. Kwa hiyo haiandiki. Neno linasemwa na muuzaji aliye chini kabisa ya mnyororo, ambaye hana mwanasheria wala mfamasia, na ambaye amelipa dola zake ili apate kifurushi cha kuanzia. Faida inapanda juu, lawama inabaki kwenye kata.

Septemba 2014, Ebola ilipokuwa ikiua Guinea, Liberia na Sierra Leone, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia Young Living na doTERRA, kampuni mbili za mafuta haya zinazouza kwa mnyororo, barua za onyo. Wauzaji wao walikuwa wakitangaza mtandaoni kwamba mafuta yanazuia au yanatibu magonjwa mazito, Ebola ikiwemo. Aprili 2020 tume ya biashara ya nchi hiyo hiyo, FTC, ikaandikia kampuni kadhaa za mnyororo, doTERRA ikiwa mojawapo, safari hii kwa sababu ya korona. Angalieni mtindo: kila hofu mpya inapata chupa yake, na mara nyingi ni chupa ile ile ya mwaka jana.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kuhadithiwa Ebola. Ule mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, na ulifika hadi Mwenga, hapa Kivu ya Kusini. Kilichousimamisha ni chanjo, kufuatilia kila aliyemgusa mgonjwa, maziko ya usalama, na dawa mbili za kingamwili ambazo majaribio yake yalifanyika hapa hapa Kongo. Hakuna mafuta yoyote ya kunukia kwenye orodha hiyo.

Sasa tuingie ndani ya chupa. Mafuta haya hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji katikati ya majani, maua au magome. Mvuke unabeba vile vitu vyepesi vinavyopaa, kisha unapozwa kwenye bomba, maji yanakaa chini na mafuta yanaelea juu. Ya limau na machungwa hukamuliwa tu kwenye ganda. Kinachotoka ni kidogo na ni kikali. Kilo moja ya mafuta ya waridi inataka petali za tani tatu na zaidi. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa ya mililita 10 ya “waridi safi” kwa dola 5, fanya hesabu: chupa hiyo ingehitaji kilo zaidi ya 25 za petali. Ana manukato ya kiwandani. Na anayekuuzia “mafuta asilia” ya stroberi au ya embe, huyo usihesabu hata kidogo. Matunda hayo hayatoi mafuta ya namna hiyo, harufu yote ni ya kutengenezwa.

Jambo la mvuke lina upande mwingine ambao wauzaji hawausemi. Kisichopaa hakipandi na mvuke. Bukavu ni mji wa kwinini. Pharmakina inaitoa kwenye magome tangu wazee wetu. Kwinini haipandi na mvuke. Hata uchemshe magome ya mti wa kwinini siku nzima kwenye mtambo wa mvuke, chupa ya mafuta haitakuwa na dawa ya malaria. Atemisinini, dawa ya malaria iliyomo kwenye mmea wa atemisia, ni hivyo hivyo: inabaki kwenye majani, haiingii kwenye mafuta. Ndiyo maana tangazo linalosema “mafuta ya atemisia, nguvu yote ya mmea ndani ya chupa” ni uongo kabla hata hatujafika hospitali. Mmea unaweza kuwa na dawa, na mafuta ya mmea ule ule yasiwe nayo hata chembe.

Na malaria haisubiri majaribio. Mtoto chini ya miaka mitano anaweza kutoka kwenye homa ya kawaida hadi malaria kali ndani ya saa 24. Siku mbili za kumpaka mafuta nyayoni “ili homa ishuke” ni siku mbili ambazo hajapimwa. Hapo madhara hayatoki kwenye mafuta yenyewe, yanatoka kwenye muda. Kipimo cha haraka kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, na dawa za mseto zinajulikana kipimo kwa uzito wa mtoto. Anayeambiwa “jaribu kwanza hii” na muuzaji wa mtandaoni ameuziwa kuchelewa.

Tunakuja kwenye matone, na hapa tutakaa.

Mililita 1 ni kama matone 20. Chupa nyingine hutoa zaidi, kutegemea mdomo wake na uzito wa mafuta. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani matone 100 hivi. Shikeni namba hizo.

Mafuta ya mkaratusi: mtoto mdogo akimeza mililita 2 au 3 anaweza kulegea, kutapika na kusinzia vibaya. Mililita 5 zimewahi kuleta degedege na kupoteza fahamu. Miti ya mikaratusi imejaa kwenye vilima vyetu, majani yake yanachemshwa kila nyumba, na kwa sababu hiyo watu hawaogopi chupa. Lakini majani machache kwenye sufuria ya lita tatu si sawa na mafuta yaliyokusanywa kutoka mzigo mzima wa majani.

Mafuta yaliyoandikwa gaulthérie, yale ya kuchua misuli, karibu yote ni methili salisilati, ndugu wa aspirini. Kijiko kimoja cha chai kina nguvu ya gramu 7 za aspirini, yaani vidonge 14 vya miligramu 500. Kwa mtoto wa kilo 10, sumu inaanza kwenye kama gramu 1.5 ya aspirini, ambayo ni zaidi kidogo ya mililita 1 ya mafuta haya. Kijiko kizima kinaweza kumuua. Na yana harufu ya peremende! Mtoto hayasukumi, anayalamba. Kwa maoni yetu chupa hii haipaswi kuuzwa kwa mtu mwenye watoto wadogo nyumbani bila kifuniko cha usalama, na wengi wanaoiuza hawajui hata kilichomo.

Karafuu: meno yakiuma, watu wanaweka pamba yenye tone moja, na kwa mtu mzima hilo lina msingi, kwa kuwa yujenoli iliyomo inatia ganzi. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 ini lake lilishindwa kufanya kazi. Kisa hicho kimo katika maandiko ya madaktari. Kafuri nayo, hata gramu 1 inaweza kuwa hatari ya kifo kwa mtoto mdogo, na degedege lake huanza mapema, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Kwa watoto wachanga tunasema bila kupunguza: usiweke nanaa, mkaratusi wala kafuri puani, kifuani karibu na uso, wala kwenye mto. Mentoli ya nanaa na sinioli ya mkaratusi zinaweza kufanya koo la mtoto lijifunge ghafla na pumzi ikakatika. Ufaransa mwaka 2011 ilizuia vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa vyenye kafuri, sinioli na wenzake kwa watoto chini ya miezi 30, hasa kwa sababu ya degedege, na vidonge kama hivyo vinaonekana kwenye famasi zetu pia. Kuna na jambo linaloligusa bara letu zaidi ya Ulaya: watoto wengi hapa wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng’enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Madaktari wa Nigeria waliandika tangu 1980 kwamba mentoli kwa mtoto mchanga wa namna hiyo inazidisha manjano, na manjano ikipanda sana inaharibu ubongo. Mama hawezi kujua kwa kumtazama mtoto kama ana upungufu huo.

Wajawazito na wenye pumu, kwa kifupi: usimshauri mjamzito kutumia mafuta yoyote kwa kumeza. Mwenye pumu usimfukize.

Kufukiza kunahitaji neno lake. Wakati wa korona kila nyumba ilikuwa na beseni na blanketi. Hapa Bukavu, kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95, siyo 100, lakini hata maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ndani ya sekunde chache. Mtoto chini ya blanketi na beseni la maji ya moto ni ajali inayosubiri mguso mmoja. Mvuke wenyewe hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu.

Sasa wauzaji watatujibu: “Lakini utafiti umeonyesha mafuta yanaua bakteria.” Ni kweli, kwenye sahani ya maabara. Mafuta ya tea tree, mti wa Australia, huzuia bakteria wengi kwenye kipimo cha kati ya asilimia 0.25 na 1. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ukitaka asilimia 1 ya mafuta kwenye damu yake, ni mililita 50, chupa tano za mililita 10. Mgonjwa atakufa kabla ya bakteria. Chumvi inaua bakteria kwenye sahani, siki inaua, Jik inaua, na hakuna anayekunywa Jik kutibu tifoidi. Tangazo likisema “imethibitishwa na wanasayansi”, uliza swali moja tu: kwenye sahani, kwenye panya, au kwenye watu wagonjwa?

Kuna maneno mengine ya biashara ambayo yanazunguka, tuyapitie upesi. “Daraja la tiba”, linaloandikwa kwa Kifaransa grade thérapeutique: hakuna serikali wala chombo huru kinachotoa daraja hilo. Kampuni yenyewe imejipa. “FDA imeruhusu kumeza”: baadhi ya mafuta yanaruhusiwa kama ladha ndani ya chakula, kwa kiasi kidogo mno, kama ladha ya peremende, ruhusa hiyo haihusu matone matano kwenye glasi kila asubuhi. “Weka tone kwenye karatasi, yakikauka bila doa ni safi”: kipimo hicho kinagundua mafuta ya kupikia yaliyochanganywa, hakigundui kemikali za kiwandani zinazopaa vilevile. Na mafuta mazito halali, kama ya msandali, yanaacha alama. Maabara yenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha vitu vilivyomo kimoja kimoja, ndiyo inayojua.

Neno baya kuliko yote ni “sumu inatoka”. Mteja anapiga simu kwamba ngozi imewasha, imevimba, ina malengelenge. Muuzaji anamwambia aendelee, mwili unajisafisha. Hapana. Ngozi imeungua au imeanza mzio. Mzio wa ngozi ukishaingia hauondoki. Mtu aliyezidishiwa mdalasini au limau la zamani anaweza kukaa maisha yake yote akiwashwa na sabuni na manukato yenye kitu hicho hicho. Anayesema “endelea” anamtengenezea mteja ugonjwa wa kudumu ili asirudishe pesa.

Na maji. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, yanaelea. Ukitia matone matatu kwenye glasi, unakunywa maji, kisha unakunywa mafuta makali yasiyochanganywa yanayogusa midomo, koo na umio. Ukitia kwenye maji ya kuoga, yanakwenda kukaa kwenye ngozi laini, kwa mtoto hasa sehemu za siri. Ukitaka kuyaoga, yachanganye kwanza na mafuta ya kula au sabuni ya maji isiyo na harufu.

Kwa anayetaka kuyatumia vizuri, vipimo ni hivi. Chukua mililita 30 za mafuta ya alizeti, nazi au parachichi. Kwa mwili wa mtu mzima, asilimia 2, ni matone 12. Kwa uso, matone 6. Kwa mtoto aliyepita miaka miwili, matone 3, na yawe lavenda, siyo mkaratusi wala nanaa. Chini ya miaka miwili, acha. Mafuta ya magome ya mdalasini yasiguse ngozi kabisa. Paka kidogo ndani ya mkono, subiri saa 24, ndipo uendelee. Bergamoti na limau la kukamuliwa vinaunguza ngozi vikikutana na jua: kwa bergamoti hata matone 2 kwenye mililita 30 ni mpaka wa mwisho, na baada ya kupaka, kaa saa 12 bila kuianika sehemu hiyo juani. Wanaotafuta ngozi nyeupe kwa kupaka limau safi na kutoka nje saa sita wanapata madoa meusi yanayokaa miezi.

Tunza chupa ya kioo cheusi mahali pa baridi, siyo juu ya kabati chini ya mabati. Hewa na joto hugeuza limau na tea tree kuwa vitu vinavyoleta mzio zaidi. Zikishafunguliwa, baada ya mwaka mmoja tupa. Usigawe kwenye vichupa vya plastiki laini, kwa maana mafuta yanakula plastiki, na usigawe kwenye chupa ya dawa ya macho au ya puani, kwa sababu usiku mtu atakosea. Usidondoshe kwenye makaa wala mshumaa: mvuke wa mkaratusi unashika moto kuanzia kama nyuzi 48, na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hewa ya sumu hata bila mafuta.

Kazi zinazojulikana tulisema tutazitaja. Nanaa kwenye vidonge vilivyofunikwa visiyeyuke tumboni, mililita 0.2 kila kimoja, inapunguza msokoto wa utumbo unaokasirika. Jeli ya asilimia 5 ya tea tree inasaidia chunusi, polepole. Harufu ya lavenda inawatuliza watu wengi, na hilo ni zuri, halihitaji kuongezewa saratani na kisukari. Mchaichai na citronnelle hufukuza mbu kwa muda mfupi, chini ya saa mbili; usiku chandarua kinabaki chandarua.

Ikitokea mtoto amemeza, usimtapishe. Mafuta haya ni mepesi, yakirudi juu yanaingia mapafuni na kuleta nimonia mbaya kuliko sumu yenyewe. Usimpe maziwa wala mawese kwa kudhani yanazima sumu. Mfute mdomo, mlaze ubavu akisinzia, chukua chupa yenyewe, siyo picha yake, nenda hospitali sasa hivi hata kama anacheza. Dalili zinaweza kuja ndani ya nusu saa, na daktari anahitaji kujua ni mafuta gani na yamepungua kiasi gani. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15. Kwenye ngozi, pangusa kwanza kwa mafuta ya kula, kisha sabuni na maji.

Kwenu wauzaji. Kongo ina ACOREP, mamlaka inayotoa idhini ya dawa. Ukisema chupa inatibu, umeiita dawa, na dawa inahitaji idhini ambayo huna. Tangazo linaloweza kusimama linafanana na hili: “Mkaratusi, Eucalyptus globulus, mililita 10, kutoka nchi fulani, namba ya toleo hii, mwisho wa matumizi huu. Kwa harufu ya nyumba, na kwa kuchua ukiisha kuchanganya. Usinywe. Usimpake mtoto wala kuyatumia karibu na uso wake. Mwenye pumu, mjamzito, au anayekunywa dawa za hospitali aulize daktari. Bei franki kadhaa.” Mtatuambia hilo haliuzi. Litauza pungufu, ndiyo. Na kama mkubwa wako kwenye mnyororo anakukatalia kuliweka, muombe akuandikie kwa mkono wake, kwa jina lake, yale anayokutaka useme kwa sauti. Mtaona jinsi simu inavyonyamaza.

Waliokuja na chupa zao wazilete mezani. Tutaanza na zile zisizo na jina la Kilatini.